Daftari la wiki: nyuzi mpya kwanza

Basi likisimama Chalinze, madirisha yanajaa korosho, maji na mahindi ya kuchoma kabla abiria hajanyoosha miguu. Wauzaji wanakimbia juani kutwa, katikati ya malori ya Tanga na ya Morogoro. Wapewe kivuli na mahali salama pa kufanyia biashara.

*

Anayejifunza ukulele, lile gitaa dogo la nyuzi nne, hufika siku akaichoka ile ya kwanza. Sauti imefifia, vidole vimeizidi, na hela ya nzuri haipo. Hapo ndipo kishawishi cha Kariakoo kinapoingia: nyingine ya bei ile ile, rangi tofauti. Hiyo ni hela iliyotupwa.

Kwanza aichunguze aliyonayo. Apige uzi mmoja bila kuubonyeza, kisha aubonyeze kwenye freti ya 12. Hapo ni nusu ya uzi, kwa hiyo sauti inatakiwa kuwa ile ile, oktavu moja juu. Programu ya bure ya kutyuni kwenye simu itamwonyesha. Sauti ikipanda kupita hapo, mara nyingi uzi umekaa juu mno. Kidole kinapoushusha unavutika, na uzi unaovutika hupandisha sauti.

Arudie kwenye freti ya kwanza. Sauti ikipanda kupita inavyotakiwa pale, kosa liko kwenye kile kipande chembamba chenye mifereji minne, karibu na vigingi. Fundi mwenye tupa nyembamba ataishusha mifereji hiyo kidogo kidogo. Kidogo kidogo kweli: mfereji ukizidi kushuka, uzi hugonga freti na kukwaruza, na kipande kizima itabidi kibadilishwe. Kile cha chini, kinachobeba nyuzi juu ya daraja, huchomolewa na kusuguliwa tako lake juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, ili kisiende upande. Ni kazi ya asubuhi moja, na ukulele iliyoonekana mbovu huanza kuimba.

Halafu nyuzi. Zamani zilikuwa za utumbo wa mnyama, baadaye nailoni, na siku hizi nyingi nzuri ni za fluorokaboni, malighafi ile ile ya mishipi ya kuvulia samaki. Nyuzi mpya hulegea siku za mwanzo. Mwanafunzi azikaze kila anapoishika, mpaka zitulie.

Akishamaliza hayo, na bado anataka kupanda, sasa aweke akiba. Asivutwe na nakshi wala rangi. Aulize jambo moja: uso wa mbele ni mbao nzima au plaiwudi? Uso ndio unaotikisika na kutoa sauti, na mbao nzima hutikisika vizuri zaidi. Hata hivyo, unyevu wa Pwani haupendi mbao nzima, huivimbisha. Plaiwudi iliyotengenezwa kwa uangalifu inavumilia zaidi, na anayeishi Bagamoyo asione haya kuichagua. Yoyote ile, isiachwe ndani ya gari lililopaki juani. Gundi huachia, daraja linang'oka.

Saizi nayo ina maana. Soprano ina urefu wa uzi kama sentimita 33, konseti 38, tenori 43. Zote tatu kwa kawaida hutyuniwa G, C, E, A, kwa hiyo hakuna alichojifunza kitakachopotea akihama. Mwenye vidole vinene konseti itampa nafasi. Baritoni ni habari nyingine: hutyuniwa kama nyuzi nne nyembamba za gitaa, na inamfaa anayelitamani gitaa.

Ya mtumba? Ndiyo, bila kusita, kama shingo imenyooka na daraja halijanyanyuka.

*

Begi la kuibebea linunuliwe kabla ya mapambo yoyote.

*

Mwaka 1879 meli ya Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na wahamiaji wa Kireno kutoka Madeira. Ndani yake walikuwemo mafundi seremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, na gitaa dogo la kwao ndilo lililozaa ukulele. Pwani yetu nayo ilikuwa na chombo chake kidogo cha kukumbatia kifuani: gambusi, au kibangala, lenye asili ya Yemen, lililochongwa na kuwambwa ngozi. Udi ulipotawala taarab, gambusi likasukumwa pembeni. Inauma kwamba kijana wa leo anaijua ukulele ya Hawaii na hajawahi kuliona gambusi.

*

Furaha ya wiki: Zawose Queens. Pendo na Leah Zawose, wa ile familia ya Kigogo iliyohamia Bagamoyo, walitoa albamu ya Maisha mwaka 2024, na wanawake walioimba nyuma kwa miaka sasa wako mbele. Mzee wao Hukwe, aliyefariki mwishoni mwa 2003, hakuridhika na vyombo kama alivyovikuta. Alitengeneza zeze na ilimba, ile marimba ya vidole gumba, kubwa kuliko za kawaida. Ilimba za Kigogo zina tundu linalozibwa kwa utando wa buibui, na mlio wake wa kuvuma unatoka hapo. Utando huo hauuzwi dukani. Unatafutwa ukutani.

*

TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza 1981, kiko Bagamoyo. Kutoka Chalinze ni kupita Msata na kushika lami. Daftari hili linaomba, na litaendelea kuomba: kozi fupi ya kutengeneza vyombo vya nyuzi, ya wikiendi, kwa vijana wasio wanachuo. Wanafunzi wa kupiga wapo. Wanaojua kushika tupa ni wachache.

*

Klarineti na oboe za wapigaji wakubwa wa Ulaya hutengenezwa kwa mpingo, na mpingo mwingi hutoka Tanzania na Msumbiji. Mtoto wa Kitanzania kuishika klarineti ni bahati. Hilo lisichukuliwe kuwa la kawaida.

Wakati huohuo, wachonga vinyago hubakiwa na vipande vya mpingo vya kupika chai. Kipande cha urefu wa kidole, kigumu na kikavu, kinatosha kuchonga kile kipande cha ukulele chenye mifereji minne.