Usimnyang'anye mgonjwa ufagio

Tuseme unaishi Shauri Moyo pamoja na dada yako mkubwa, mama wa watoto wawili, ambaye alikuwa akiuza mitumba Gikomba. Miaka minne iliyopita mguu wake wa kulia ulianza kuburuta. Jirani mmoja akanong'ona kwamba analewa mchana, mwingine akasema ni mkono wa mtu. Baada ya kuzunguka hospitali nyingi, na baada ya kupigwa picha ya ubongo na ya uti wa mgongo, daktari akataja jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia katika ploti nzima: maltipo sklerosisi, au MS kwa kifupi. Tena akaongeza kuwa yake ni ile aina inayozidi pole pole bila kurudi nyuma.

Mmefanya nini nyumbani tangu siku hiyo? Bila shaka mmemhurumia. Mmempa kiti kizuri karibu na mlango, mmemnyang'anya ufagio, maji anachotewa na chai anawekewa mkononi. "Wewe keti tu, dada, tutakufanyia." Haya yote ni mapenzi, wala hakuna wa kuwalaumu. Hata hivyo, huruma ya namna hii ikizidi humwibia mgonjwa nguvu ambazo ugonjwa wenyewe ulikuwa haujazichukua.

Hebu kwanza tuufahamu ugonjwa. Aliyeueleza waziwazi kuwa maradhi ya pekee ni daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, huko Paris mnamo 1868. Neva zetu ni kama nyaya za stima. Waya hufunikwa kwa plastiki, na neva nyingi hufunikwa kwa utando wa mafuta uitwao mayelini. Katika MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vya maradhi, hugeuka na kuushambulia utando huo ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Ujumbe kutoka kwa ubongo basi hufika mguuni ukiwa umechelewa, au haufiki kabisa. Ugonjwa huu hauambukizi, na hauna uhusiano wowote na uchawi. Ni nadra katika nchi zilizo karibu na ikweta kama Kenya, na ndiyo sababu aghalabu huchelewa kutambuliwa.

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliwaambia wagonjwa hawa wapumzike. Walikuwa na sababu. Mnamo 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza jinsi macho ya baadhi ya wagonjwa yalivyofifia walipojishughulisha. Baadaye ilibainika kwamba kisa ni joto: mwili ukipata moto, neva iliyopoteza utando wake hupitisha ujumbe kwa shida zaidi. Lakini mwili ukipoa, hali hiyo huondoka, wala neva haikuumizwa.

Mmoja wa waliokataa kuketi ni Jimmie Heuga, Mmarekani aliyeshinda medali ya shaba ya kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya Innsbruck mwaka wa 1964. Mnamo 1970 aliambiwa ana MS na akashauriwa asijichoshe. Alitii kwa miaka kadhaa na kuona mwili wake ukinyong'onyea, kisha akajitungia ratiba ya mazoezi. Mwaka wa 1984 alifungua kituo Colorado cha kuwafundisha wenzake. Ugonjwa haukumwacha, baadaye alitumia kiti cha magurudumu, na alifariki 2010. Alichokipata ni kuitumia miaka hiyo badala ya kuingojea ipite.

Sayansi ilimfuata. Mwaka wa 1996 watafiti wa Utah, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 54. Waliofanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwa majuma 15 walipata pumzi na nguvu zaidi kuliko wenzao ambao hawakufanya.

Lakini usikubali kuuziwa ahadi za uongo. Mazoezi hayaurudishi utando uliokwisha liwa. Mnamo 2023 ulitolewa utafiti wa watu 311 wenye MS ya kuzidi pole pole katika nchi sita za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ulionyesha kwamba kuunganisha mazoezi ya mwili na ya akili kwa majuma 12 hakukuongeza wepesi wa kufikiri kuliko mazoezi hafifu ya kulinganishia. Dawa nayo, okrelizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2017, hupunguza tu mwendo wa ugonjwa, na bei yake ni ya kutisha. Kazi ya mazoezi ni kuilinda misuli isilegee, viungo visikakamae, na mgonjwa asianguke ovyo.

Waweza kuuliza: mazoezi gani katika chumba kimoja cha Shauri Moyo? Kwanza muone daktari na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa kuwa udhaifu wa miguu waweza pia kuletwa na kiharusi, kifua kikuu cha uti wa mgongo au ukosefu wa vitamini. Wakishathibitisha, anzeni kidogo kidogo.

Kiti imara kiegemezwe ukutani. Dada yako asimame na kuketi mara tano, apumzike, kisha arudie. Ashike meza, ainue visigino, halafu apige hatua papo hapo kama askari. Chupa ya maji ya nusu lita yatosha kwa kuimarisha mikono. Asiyeweza kusimama ainue goti moja moja akiwa ameketi, ageuze kiwiliwili kushoto na kulia, na kuvuta pumzi ndefu. Aliyelala kitandani mnyoosheni viungo taratibu kila siku, na kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda.

Chagueni asubuhi na mapema, kabla ya mabati kupata moto. Kitambaa kilicholoweshwa maji shingoni na kikombe cha maji baridi husaidia sana. Akiamka kesho yake bado amechoka hoi, basi jana mlizidisha, punguzeni. Akiwa na homa, au akiumwa anapokojoa, mazoezi yangoje atibiwe. Udhaifu mpya unaopita siku nzima ni wa kupelekwa hospitalini.

Kuhusu njia ya chooni, mafundi wa jua kali wa Kamukunji hawako mbali. Bomba la chuma likichomelewa na kukazwa vizuri ukutani, katika kimo ambacho mtaalamu amepima, laweza kumwepusha na kuvunjika nyonga. Ondoeni pia karai na ndoo mlangoni.

Na ule ufagio? Mrudishieni. Afagie ameketi ikibidi, amenye viazi, akunje nguo za watoto. Kazi hizo nazo ni mazoezi, na zaidi ya hayo zinamkumbusha kwamba yeye bado ni mama wa nyumba hiyo. Kazi yako wewe ni kukaa karibu, mkono ukiwa tayari, na kuuzuia mdomo usiseme "wacha nikufanyie" kabla hajaomba.

Atachukua dakika ishirini kufanya ulichoweza kukimaliza kwa dakika mbili. Mvumilie. Mwenda pole hajikwai, na kwa mgonjwa huyu kutojikwaa si jambo dogo.