Mwenye picha ni nani: aliyelipa, aliyechora, ao mashini?

Katika makanisa yetu ni kawaida kumuita fundi achore ukuta ulio nyuma ya mimbara, kisha picha ile tunaichapisha kwenye kalenda na vitambaa vya sikukuu. Siku hizi wengine wanaiomba kompyuta iwachoree. Tunadhani kwamba tukisha kulipa, yote ni yetu. Sheria haisemi hivyo kila mara.

Tuangalie kesi moja ya Marekani. Mwaka 1985, shirika la Washington lililosaidia watu wasio na makao lilimuomba mchongaji James Earl Reid atengeneze sanamu ya Yosefu, Maria na mtoto Yesu, wakiwa kama familia inayolala barabarani. Wazo lilikuwa la shirika, nalo lililipia vifaa; Reid hakudai mshahara. Baadaye walibishana juu ya kuizungusha sanamu katika miji mingine. Mwaka 1989 Mahakama Kuu iliamua kwamba Reid hakuwa mtumishi wa shirika: alitumia vyombo vyake, katika karakana yake. Basi kuagiza na kulipia vifaa hakukutosha kulifanya shirika kuwa mtunzi. Kuwa na sanamu ni jambo moja, haki ya kuinakili ni lingine.

Na mashini? Mwaka 2023, ofisi ya Marekani inayoandikisha haki za watunzi ilikubali maneno ya kitabu kimoja yaliyoandikwa na mtu, lakini ikakataa picha zake zilizotoka kwa akili bandia. Mwezi wa tatu 2025, mahakama ya rufaa ya Washington ilimkatalia Stephen Thaler, aliyetaka kompyuta yake iandikwe kuwa mtunzi wa picha. Mtunzi lazima awe mtu.

Hukumu hizo hazitufungi sisi. Congo ina sheria yake ya haki za watunzi, ya tarehe 5 Aprili 1986. Lakini zinatuonyesha ugomvi unapoanzia: kazi iliagizwa bila mapatano yaliyo wazi. Kwa hiyo, wapendwa wazee wa kanisa, kabla fundi hajashika burashi, andikeni karatasi moja: nani ataweza kuichapisha picha, fundi atapata nini kalenda zikiuzwa, na jina lake litawekwa wapi. Na picha ya mashini, tuseme wazi kwamba ni ya mashini.

Dhahabu ya hema ya kukutania ilitolewa na watu wengi, lakini Kitabu cha Kutoka kilihifadhi jina la fundi, Bezaleli. Kwenu, ni nani anayekumbuka jina la yule aliyechora ukuta?