Orodha ya Shule Bora Iwahesabu na Walioachwa Njiani

Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza, mwezi Januari 2023, matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022, liliacha desturi yake ya miaka mingi ya kutaja shule kumi bora. Wako waliodhani kwamba jambo hilo limekwisha. Halikwisha. Orodha zimeendelea kukokotolewa na watu wengine, na mabango ya baadhi ya shule za watu binafsi yangali yanajitapa kando ya barabara.

Mtumishi wa Serikali au mwalimu anayejinyima ili alipe ada anayo haki ya kujua fedha yake inakwenda wapi. Lakini orodha humjibu jambo moja tu: wale waliofikishwa kwenye chumba cha mtihani walifanyaje. Haimwambii walianza wangapi.

Chukua mfano wa shule mbili. Ya kwanza huwachuja watoto kwa mtihani wake yenyewe, ikapokea 120 Kidato cha Kwanza. Huweka wastani wake, ulio juu ya ule wa taifa. Asiyeufikia hukaririshwa darasa, au mzazi wake huitwa na kushauriwa kwa maneno laini amtafutie mtoto shule nyingine. Kidato cha Nne hutahiniwa 70, na wote hupata Daraja la Kwanza. Shule ya pili ni ya kata. Nayo hupokea 120, bila kuchagua, na hutahini 125, kwa sababu baadhi ya wale waliosukumwa kutoka ile ya kwanza wamekimbilia hapo. Katika orodha, ya kwanza itakuwa juu kabisa, na mwalimu wa ile ya pili ataulizwa kwa nini amezembea!

Serikali imekwisha kukataza zaidi ya mara moja tabia hiyo ya kukaririsha na kuwaondoa wanafunzi kwa wastani uliobuniwa na shule. Inaendelea kwa kuwa inalipa: biashara hutangazwa kwa asilimia, na mtoto mzito wa kuelewa huharibu asilimia.

Hata hilo Daraja la Kwanza lina upana wake. Huanzia pointi 7 hadi 17, na bango halisemi.

Njia ya kupima haiko mbali. Baraza hutoa matokeo ya Upimaji wa Kidato cha Pili kwa kila shule. Mzazi na ahesabu waliopimwa mwaka mmoja, kisha ahesabu waliotahiniwa Kidato cha Nne katika shule hiyohiyo miaka miwili baadaye. Pengo likiwa la watoto wawili watatu, huenda wazazi wao wamehamishwa kikazi. Likiwa la darasa zima, mkuu wa shule aulizwe wako wapi. Maofisa elimu nao, ambao takwimu za uandikishaji hupita mezani kwao kila mwaka, wangeweza kuuliza swali hilo kabla ya mzazi hajalipa ada.