Burhani Haingoji Vigawo

Muungwana aliyeandika katika toleo lililopita kwamba namba haifai kuitwa isiyo tasa mpaka vigawo vyake viwekwe hadharani, amechanganya mambo mawili ambayo wanahisabu wameyatenga tangu zamani. Namba 147,573,952,589,676,412,927, yaani 2 kwa kipeo cha 67 ikitolewa 1, padri Mfaransa Mersenne aliitia mwaka 1644 miongoni mwa zilizo tasa. Naye Édouard Lucas, mwaka 1876, akathibitisha kuwa si tasa, ilhali hakujua hata kigawo chake kimoja. Kipimo kilichozaliwa na kazi yake ni hiki: anza na 4, izidishe kwa nafsi yake, toa 2, shika baki la kugawanya kwa namba ile, urudie hivyo mara 65, baki la mwisho lisipokuwa sifuri, hukumu imepita. Vigawo vyenyewe, 193,707,721 na 761,838,257,287, Frank Nelson Cole wa Marekani hakuvidhihirisha ila mwaka 1903. Je, katika miaka 27 ya katikati Lucas alikuwa mwongo? Hasha! Na juu ya pengo hilohilo, baina ya wepesi wa kujua kuwa namba yagawanyika na uzito wa kuvipata vigawo vyake, ndipo ilipojengwa mwaka 1977 kufuli ya siri iitwayo RSA.