Mke wa mfanyabiashara si mtalii

Swali la dirishani Mpondwe ni fupi: unakwenda kufanya nini? Mwenye madumu ya mafuta ya mawese anajibu bila kusita. Dereva wa lori la saruji kutoka Hima anajibu huku akikunjua karatasi zake. Anayepata kigugumizi ni mama anayetoka Butembo kuja kwa mume wake Bwera, au kijana wa Bwera anayekwenda kwa mke wake Beni. Hana mzigo wa kuandikisha forodhani, na hakuja kuangalia tembo wa Hifadhi ya Queen Elizabeth. Anakwenda kwake. Lakini jibu hilo huzaa maswali mengine: ndoa ipi, cheti kiko wapi, utakaa mpaka lini, utafanya nini huko? Ndiyo maana watu hujifunza jibu jepesi: natembea tu, nimekuja kutalii.

Jibu hilo dogo linawagharimu wafanyabiashara wa mpaka huu kuliko ada ya viza ilivyowahi kuwagharimu. Ada yenyewe imekwisha kushughulikiwa. Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikubaliana kuiondoa kwa raia wa kila upande kuanzia Januari 2024. Kabla ya hapo, viza ya kawaida ya kuingia Uganda ilikuwa dola 50, fedha ambayo kwa muuza maharage ni mtaji mzima wa wiki. Kuondolewa kwake ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, mlango umefunguliwa bila kuwekewa jina la mtu anayeutumia zaidi: mume au mke wa upande wa pili.

Ndoa za namna hii si jambo la jana. Mto Lhubiriha ulikuwapo kabla ya mpaka, na watu waliokuwa wakiuvuka waliposa, walitoa mbuzi wa mahari na walizikana bila kuomba ruhusa Kampala wala Kinshasa. Mstari wa mpaka uliwekwa na Wazungu kwa mikataba ya 1910 na 1915. Ulipomaliza kuchorwa, Bakonzo walijikuta Uganda na ndugu zao Banande wakajikuta Kongo, ilhali lugha yao inasikilizana na koo zao ni zilezile. Tangu hapo, binti anayeolewa mwendo wa saa chache kutoka kwa mama yake anaweza kuwa ameolewa nchi ya kigeni.

Biashara nayo imezidi kuwaunganisha. Tarehe 16 Juni 2021 marais Yoweri Museveni na Félix Tshisekedi walikutana hapahapa mpakani kuzindua ujenzi wa barabara, ikiwemo ile ya kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni na ya kilomita 54 kutoka Beni hadi Butembo. Aprili 2022 Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Julai mwaka huohuo ikakamilisha taratibu za uanachama. Barabara inapokuwa nzuri, kakao hushuka haraka na vitenge hupanda haraka. Vijana nao huonana mara nyingi zaidi, na mwishowe huoana. Serikali zilizotengeneza barabara zilipaswa kujua kwamba pamoja na malori zitapita posa.

Sheria za Jumuiya zinasemaje? Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaahidi katika kifungu cha 7 kwamba raia wa nchi mwanachama ataingia nchi nyingine mwanachama bila viza. Kanuni zake zinampa mgeni kibali cha kukaa hadi miezi sita. Itifaki hiyohiyo haikumsahau mwenza. Inamtambua mume, mke na mtoto wa mfanyakazi au wa mtu aliyejiajiri katika nchi mwanachama, na kuwapa haki ya kumfuata na kuishi naye.

Kwenye karatasi mambo yamekamilika. Tatizo ni picha ya ndoa iliyokuwa vichwani mwa walioandika. Waliona mhasibu anayehamia Nairobi au Kigali akifuatwa na mkewe na watoto, mizigo yote ikiwa kwenye gari moja. Ndoa ya wafanyabiashara wa Mpondwe haiko hivyo. Mama ana duka lake la vitenge Bwera, baba ana ghala la kakao Beni, na hakuna anayemfuata mwenzake. Kila mmoja ana kazi, wateja na madeni ya kukusanya upande wake. Hutembeleana: wiki hii huku, wiki ijayo kule, mmoja akiugua mwingine anabaki mwezi mzima. Hati ya kuishi inawazidi, na kibali cha mgeni kinawapungukia.

Kinawapungukia kwa sababu mgeni haruhusiwi kufanya kazi. Chukua mfano wa mume aliyevuka kutoka Kasindi kumwona mkewe. Siku ya soko mke anazidiwa na wateja. Mume anasimama kupima maharage, anapokea fedha, anabeba gunia hadi kwenye bodaboda. Kwa mila za huku, asiyefanya hivyo ataitwa mvivu. Waswahili walikwisha kusema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini kwa jicho la sheria ya uhamiaji, mtu aliyepewa muhuri wa kutembea amekutwa akichuuza. Kilo mbili za maharage zinatosha kumgeuza mume kuwa mhalifu.

Hapo ndipo uongo mdogo wa dirishani unapodai riba yake. Aliyesema amekuja kutalii hana la kujitetea, maana karatasi yake mwenyewe inamkana. Anayemkuta sokoni, awe ofisa halisi au tapeli mwenye kofia ya ofisa, anajua hivyo. Kitakachofuata ni mazungumzo ya pembeni na noti inayokunjwa. Fedha hiyo haina risiti, haiingii hazina ya nchi yoyote na haiwezi kuandikwa kwenye hesabu za duka. Ada ya viza iliyoondolewa mlangoni inarudi kupitia dirishani.

Gharama ya pili ni njia za panya. Mtu akichoka kueleza ndoa yake kila wiki, huacha daraja na kushuka mtoni. Huko hakuna muhuri, kwa hiyo kisheria hajawahi kuingia. Akiugua, akiibiwa au akidhulumiwa bei, hawezi kwenda kituo cha polisi bila kujishtaki. Mara nyingi anayepita huko ni mwanamke, tena mwenye mtoto mgongoni.

Ziko hoja za upande wa pili, na ni nzito. Ya kwanza ni usalama. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha mjini Mpondwe na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba kama huo, hakuna mzazi wa Kasese anayetaka kusikia habari ya mpaka uliolegezwa. Lakini inafaa kuuliza nani anakuja dirishani. Wauaji hawakupanga foleni wala hawakuomba muhuri. Wanaojitokeza mchana kweupe na vitambulisho vyao ni wachuuzi na wenza. Kadiri watu wa kweli wanavyopita darajani na kuandikwa kwa majina na shughuli zao za kweli, ndivyo askari wanavyobaki na wachache wa kuwatilia shaka porini. Familia iliyoandikishwa inamsaidia mlinzi wa mpaka.

Hoja ya pili ni afya, na Bwera inaijua. Juni 2019 Uganda ilithibitisha Ebola kwa mtoto wa miaka 5 aliyevuka kutoka Kongo na jamaa zake. Familia ilikuwa imekwenda huko kumuuguza babu yake, ambaye aliaga dunia. Ugonjwa ule haukuja na shehena. Ulipita katika njia ya undugu, njia ambayo hakuna sheria itakayoweza kuifunga, kwa sababu hakuna mtoto atakayekataa kumuuguza mzazi. Mhudumu wa afya mpakani anahitaji kujua msafiri ametoka kwa nani na anakwenda kwa nani. Anayelazimika kusema "natalii" ameficha habari ileile inayotakiwa kuokoa maisha.

Hoja ya tatu ni ndoa za uongo. Zipo duniani kote na hapa haziwezi kukosekana. Dawa yake ni cheti kinachoweza kuhakikiwa, na hapo lawama haiko kwa serikali peke yake. Wanandoa wa mpakani wengi wameoana kimila, mbuzi wamepokelewa, wazee wamekula, kisha hakuna aliyekwenda kuandikisha. Sheria ya Uganda ya mwaka 1973 inataka ndoa ya kimila iandikishwe ndani ya miezi sita, na kazi hiyo hufanyika ngazi ya gombolola, mbele ya mashahidi. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 nayo inataka ndoa ya kimila isajiliwe kwa ofisa wa usajili wa raia. Barua ya mwenyekiti wa LC1 au ya shefu wa mtaa inasaidia kumtambulisha mtu, lakini haithibitishi ndoa. Asiyekuwa na cheti hawezi kulaumu dirisha kwa kutomwamini.

Kuna mambo manne ambayo serikali mbili zinaweza kuyafanya bila kusubiri mkutano mwingine wa wakuu wa nchi. Kwanza, fomu za pande zote mbili ziwe na nafasi ya kuandika "kumtembelea mwenza au familia" kama sababu kamili ya safari. Pili, mwenye cheti cha ndoa apewe kibali cha miezi sita cha kuingia na kutoka mara nyingi, asianze upya kila wiki. Mtalii wa kutoka Ulaya anapata jambo linalofanana na hilo: tangu 2014, viza moja ya utalii ya dola 100 inamruhusu kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 90. Ni aibu mtalii kupangiwa safari yake vizuri kuliko mkwe. Tatu, itolewe kauli ya maandishi kwamba kumsaidia mwenza katika kibanda au duka lake lililosajiliwa hakuhesabiwi kuwa ajira. Nne, orodha ya kila malipo halali ibandikwe ukutani Mpondwe na Kasindi kwa Kiswahili, Lhukonzo na Kifaransa, na jambo lisilokuwa kwenye orodha lisilipwe.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji jengo jipya. Jumuiya imekwisha kufanya jambo kama hili kwa bidhaa. Mchuuzi mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anapewa cheti rahisi cha uasilia ili asiteswe na karatasi za makampuni makubwa. Wataalamu walikubali kwamba mfanyabiashara mdogo ana mahitaji yake. Basi wakubali pia kwamba ndoa ya mfanyabiashara mdogo ina mwendo wake. Gunia la maharage limepata cheti kinacholifaa. Aliyelibeba bado anaazima jina la mtalii.

Wakati hayo yakisubiriwa, wafanyabiashara wana la kufanya. Ndoa ya kimila iandikishwe, hata kama ni ya miaka mingi. Ofisi ya gombolola itaeleza utaratibu wa waliochelewa. Nakala za cheti zikae nyumba zote mbili, na moja isafiri na mwenza pamoja na namba ya simu ya anayetembelewa. Muhuri usomwe palepale dirishani, siku zihesabiwe, na ombi la kuongezewa muda lipelekwe kabla hazijaisha. Anayetaka kuhamia moja kwa moja aombe kibali cha kuishi badala ya kulimbikiza mihuri ya kutembea. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani, hasa vya akina mama, viache kupeleka malalamiko ya ushuru peke yake. Suala la wenza liwekwe kwenye ajenda, kwa sababu siku duka linapofungwa mama akiwa amezuiliwa upande wa pili, hasara ni ileile kama ya mzigo uliokamatwa.

Machi 2020, wakati wa korona, Uganda ilifunga mipaka kwa watu na kuacha malori yapite. Kulikuwa na sababu za kiafya, na hali ile ilikuwa ya dharura. Dharura hiyo imekwisha miaka mingi sasa, lakini fikra yake imebaki kwenye fomu: mzigo unajulikana jina, uzito na thamani yake, na mke wa mwenye mzigo anaulizwa amekuja kutazama nini. Jumuiya inayotaka watu wake wafanye biashara kama ndugu inapaswa kuwaruhusu waseme ukweli wanapokwenda kuwaona ndugu zao. Itatosha siku ofisa wa Mpondwe atakapouliza swali lake, mama wa Butembo ajibu, "Nakwenda kwa mume wangu," na apigiwe muhuri unaosema hivyohivyo.