Zima sauti ndipo utamjua bingwa

JICHO LA ISINGIRO
Na Amani Bisimwa

Ukitaka safari ya teksi kutoka Mbarara hadi Nakivale iwe fupi, taja mieleka ya kwenye televisheni. Kabla kondakta hajamaliza kukusanya nauli, abiria wamekwisha kugawanyika: hawa wa Undertaker, wale wa John Cena, na kwenye kiti cha nyuma kijana mmoja mbishi anayeapa kwamba hajazaliwa wa kumzidi Rey Mysterio.

Nimezisikia hoja zao mara nyingi na ninazijua kwa moyo. Wa Cena wanahesabu mikanda ya ubingwa: 17, tangu alipomwangusha Cody Rhodes mjini Las Vegas Aprili 2025 na kuipita rekodi ya Ric Flair. Wa Undertaker wanahesabu mechi 21 alizoshinda kwenye WrestleMania, onyesho kubwa la kila mwaka, mpaka Brock Lesnar alipomharibia sherehe mwaka 2014. Sawa. Lakini mshindi wa mieleka hii hupangwa ofisini, na hata watoto wa shule za msingi wanalijua hilo. Mkanda unakuambia mwajiri alimpenda nani. Kama tunabishania ufundi wa ulingoni, tuulize jambo lingine: kengele ikishalia, huyu mtu kazi yake anaijua kiasi gani?

Kwa swali hilo, naamini Nakivale ina haki ya kutoa hukumu kuliko miji mingi ya Marekani. Makazi haya ya wakimbizi yalifunguliwa mwaka 1958 kuwapokea Wanyarwanda. Leo hii, kwenye kibanda cha video pale Base Camp, benchi moja linabeba Mkongo, Mrundi, Msomali na Mwethiopia, na huenda hakuna hata mmoja wao anayekifuata Kiingereza cha mtangazaji. VJ, yule mfasiri wa kibandani, akitafsiri, mara nyingi anatafsiri kwa Kiganda, na hapo Mrundi ameachwa njiani tena. Jenereta nayo inanguruma kuishinda spika. Kinachobaki ni miili miwili na sura zao. Hulk Hogan na The Rock walijenga nusu ya utukufu wao kwa mdomo, na mdomo huo haufiki kwenye kanda zetu za Rubondo wala Juru. Mechi inayoeleweka kwenye benchi lile imejieleza yenyewe.

Hapa ndipo mzee mmoja huinua kidole na kuuliza: na Mganda wetu je? Anamkusudia Kamala, "jitu la Uganda", aliyepanda ulingoni miguu mitupu, uso umepakwa rangi, akijipiga tumbo. Hakusema neno, kwa hiyo kwa kipimo changu angefaulu vizuri. Pole, mzee. Kamala alikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi mwaka 1950. Uganda yake hiyo ilibuniwa Memphis mwaka 1982 na Jerry Lawler na Jerry Jarrett, wakasema alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Walimchezesha kama mtu asiyejua hata kumgeuza mpinzani ili mabega yake yaguse chini, mpaka msimamizi wake mwenye kofia ya safari ampigie kelele. Harris alikuwa na mwili mkubwa mwepesi, na alifanya alichoajiriwa kufanya hadi maradhi ya kisukari yakamchukulia miguu yote miwili. Alifariki Agosti 2020. Sina ugomvi naye. Ila alichokisema bila maneno kilikuwa uongo juu yetu, na siwezi kukipa kura.

Wakongo nao wana kesi yao, na ni nzito. Kinshasa mieleka wanaiita kachi, na ina mabingwa wake tangu enzi za Kele Kele Lituka. Wapiganaji huzungushwa mitaani na bendi ya matarumbeta kabla ya pambano, halafu usiku mtu kama Edingwe anapanda ulingoni na dawa zake za uganga. Mpinzani anatetemeka, anapoteza nguvu, anaanguka. Napenda sana kuitazama. Lakini anayemwangusha mwenzake bila kumgusa ametudhulumu mechi, maana utamu wote ulikuwa katika kumgusa.

Kura yangu naipeleka kwa Bret Hart wa Kanada, na sababu ni dakika 22 za tarehe 23 Machi 1997, kwenye WrestleMania ya 13, karibu na Chicago. Bret aliingia akiwa mtu mwema. Steve Austin aliingia akiwa mkorofi. Itazame bila sauti. Bret anaanza kuushughulikia mguu, goti lile lile, tena na tena, kama fundi aliyeona ufa. Austin anatoka damu usoni. Mwishowe Bret anamkunja miguu kwa mtego wake wa Sharpshooter, na kamera inamkuta Austin akisukuma sakafu kwa mikono, damu ikichuruzika hadi kwenye meno, mdomo umefunguka kwa ukelele ambao huhitaji kuusikia. Hakubali kushindwa. Anazimia. Refa Ken Shamrock anasimamisha pambano, na Bret, aliyekwisha kushinda, anarudi kuupiga ule mguu mbovu. Austin anakataa kusaidiwa na kuondoka akichechemea. Waliokuwa wakimzomea sasa wanamshangilia. Mwema amekuwa mbaya na mbaya amekuwa shujaa, na wewe uliyekaa karibu na jenereta umeiona dakika yenyewe mabadiliko hayo yalipotokea. Sijaona mwingine aliyefanya jambo kubwa hivyo kwa goti moja.

Najua kuna Wajapani, kina Misawa na yule mama Manami Toyota, ambao wengi wanawaweka juu ya wote. Vibandani kwetu hawaonyeshwi, basi.

Kuna kipimo cha pili ambacho watu wa mikanda hawakigusi: mpinzani alirudi nyumbani salama? Bret hujivunia kwamba hakuwahi kumjeruhi mtu vibaya ulingoni. Yeye mwenyewe hakubahatika. Desemba 1999 teke la mpinzani wake Goldberg lilimtikisa ubongo, na mwaka uliofuata akastaafu. Kumbuka kwamba katika kazi hii unamkabidhi mwenzako shingo yako. Vijana wa Mukono, hapa hapa Uganda, wanalielewa hili vizuri. Daniel Bumba, maarufu kama Bumbash, aliwaanzishia Soft Ground Wrestling bila ulingo wa maana: nguzo, kamba na udongo laini. Video zao zilizunguka dunia mwaka 2023, na ukizitazama utaona wamejifunza kwanza kuanguka. Ninyi mnaorushana juu ya ardhi kavu nyuma ya shule hapa Nakivale, mmeruka somo la kwanza. Acheni.

Na wewe mwenye kibanda, Jumamosi hii tuwekee Bret na Austin, uzime spika kabisa. VJ apumzike. Atakayetoka humo bado anasema Cena, aje na hoja nyingine isiyokuwa ya mikanda.