Simu na usukani: Pengo katika sheria ya Uingereza

Uingereza ilipiga marufuku madereva kushika simu mkononi mwezi Disemba mwaka 2003, na mwaka 2022 ikaikaza sheria hiyo, hata kupiga picha au kutafuta wimbo kwenye simu kukawa kosa. Adhabu ni faini ya pauni 200 na pointi 6 katika leseni.

Hata hivyo, dereva angali anaruhusiwa kuzungumza bila kuishika simu. Mwaka 2019 kamati ya usafiri ya Bunge iliitaka serikali ifikirie kuliziba pengo hilo, halikuzibwa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema dereva anayetumia simu huweza kupata ajali takriban mara nne zaidi ya asiyeitumia, na kwamba kuzungumza bila kuishika hakupunguzi sana hatari hiyo. Kinachotekwa si mkono tu, bali fikra. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 5 za kughafilika ni zaidi ya mita 100.

Kinga iliyobaki ni dereva kuzima simu kabla ya safari na kuegesha kabla ya kujibu. Aliyepiga naye ana wajibu: akijua mwenzake anaendesha, akate simu. Mazungumzo yanaweza kusubiri.